Kukubali Hakuna Cheti: Maneno kwa Wazazi Wenzangu wa Kigoma

(Hotuba iliyotolewa kwa kikundi cha wazazi na walezi wa watoto wenye mahitaji maalumu, Mwanga, Kigoma. Tumeiandika yote kwa ajili ya wenzetu walioshindwa kufika kwa sababu ya mvua, nauli, au mtoto kuamka na homa.)

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Mwakeye, wana Kigoma!

Ndugu mwenyekiti, sheikh wetu, mchungaji wetu, afisa ustawi wa jamii, akina mama, bibi zangu, na ninyi akina baba wachache mliojibanza kwenye benchi la nyuma karibu na mlango: karibuni sana. Watoto wakilia, waacheni walie. Anayetaka kutoka na wake atoke, atarudi. Hapa hakuna atakayegeuka kukutazama, na hilo peke yake wengi wetu hatulipati msikitini, kanisani wala harusini. Sheikh, mchungaji, mtanisamehe, lakini ndivyo ilivyo.

Naomba niulize swali. Wangapi hapa wamewahi kuulizwa kliniki, "Mtoto anaendeleaje?" Mikono juu. Naona wote. Haya, wangapi wamewahi kuulizwa, "Na wewe mama, unaendeleaje?" Mikono iko wapi? Wawili. Na mmoja anasitasita.

Basi leo nazungumza na ninyi ambao hamkuulizwa. Mazoezi ya viungo mmeshafundishwa. Namna ya kumkalisha mtoto wakati wa kula mmeshafundishwa. Mimi nimekuja na yale ambayo hayaandikwi kwenye kadi ya kliniki: hasira, wivu, aibu, uchungu, na lile wazo la saa tisa usiku ambalo hujawahi kumwambia mtu. Na neno langu kwenu ni moja tu. Hisia hizo hazipimi upendo wako. Unaweza kumpenda mtoto na ukamkasirikia. Unaweza kumpenda na ukamwonea wivu mwenye mtoto anayetembea. Unaweza kumpenda na ukatamani, kwa siku moja tu, usiwe mama wa mtu yeyote.

Kuna mama mmoja wa Gungu amenipa ruhusa nisimulie habari zake, ila nisimtaje. Alijifungua wiki moja na jirani yake, nyumba zinagusana. Wote watoto wa kike. Wa jirani akakaa, akatambaa, akasimama dede. Wa kwake alipata manjano makali siku za mwanzo, na mpaka leo shingo bado haijakaza. Mama huyu alilia mwaka mzima, akamaliza. Watu wakamsifu: "Huyu sasa amekubali." Na yeye mwenyewe akaamini kwamba amekubali. Miaka ikaenda. Kisha Januari moja akatoka nje kuanika nguo, akamwona yule binti wa jirani amevaa sare mpya, sketi inamzidi, begi mgongoni, anakwenda kuanza darasa la kwanza. Alirudi ndani akaangua kilio utadhani msiba umeingia asubuhi ile. Na alichoniambia hakikuwa kuhusu kilio. Aliniuliza: "Mbona nilikuwa nimeshakubali?"

Wazazi wenzangu, kukubali hakuna cheti. Hakuna siku utakayoitwa mbele ukapewa karatasi kwamba umefaulu, hutalia tena. Mwaka 1962, huko Marekani, mtu mmoja aitwaye Simon Olshansky, aliyefanya kazi na wazazi wa watoto wenye ulemavu wa akili, aliandika jambo ambalo mama wa Gungu angeweza kumweleza bila kwenda chuo. Alisema wazazi wengi wanabaki na huzuni ya kudumu, inatulia, inarudi, inatulia tena, kadiri mtoto anavyoishi. Na akasema huzuni hiyo si ugonjwa, ni hali ya kawaida ya mtu aliyefikwa na jambo hilo. Akawageukia wataalamu wenzake waliokuwa wakiwasukuma wazazi "wakubali" upesi, akawaambia wawaache watu wahuzunike.

Na ukiichunguza, huzuni hii ina ratiba. Inakuja Januari ya sare. Inakuja Idd na Krismasi, watoto wa mtaa wanapopita na nguo mpya. Inakuja mdogo mtu anapompita kaka yake kwa kutembea, na hiyo inauma vibaya, kwa sababu unafurahi na kuumia kwa wakati mmoja, na hujui uanze na kipi. Inakuja binti anapovunja ungo, mwili umekua lakini bado wewe ndiye unayemwogesha. Ukishaijua ratiba, hutashtuka sana. Mama wa Gungu siku hizi kila shule zikifunguliwa Januari anamwita dada yake kutoka Ujiji. Wanashinda pamoja. Wanapika, wanasengenya, wakilazimika kulia wanalia kidogo, jioni dada anarudi kwake.

Sisi watu wa huku tunajua kuomboleza. Mtu akifiwa, watu wanakuja na sukari, na mkaa, wanalala matanga naye, hawamwachi peke yake. Wewe ulipoambiwa kwamba mtoto wako hatatembea, nani alikuja kulala kwako? Nani alileta mkaa? Hakuna aliyekufa, kwa hiyo hakuna aliyekuja. Uliomboleza peke yako, tena kwa siri, huku umembeba mtoto unayemwombolezea.

Sasa nije kwenye hasira. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watoto wanapoumizwa.

Ni saa nane usiku. Mtoto analia tangu saa nne. Umembeba, umemlaza, umempa maji, umemwimbia. Jirani ameshagonga ukuta. Mwili wa mtoto umekaza kama ubao, na wewe unasikia mkono wako unakuwa mwepesi. Nani hapa hajawahi kufika hapo? Sioni mkono, na afadhali, kwa sababu nisingeuamini.

Uvumilivu ni kama umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla ya kuutumia. Haukatiki kwa sababu wewe ni mtu mbaya. Unakatika kwa sababu uniti zimekwisha. Na uniti zikiisha, kujiambia "lakini mimi nampenda mwanangu" hakuwashi taa. Uniti ni usingizi. Uniti ni kula wewe mwenyewe kabla hujamlisha mtu anayehitaji karibu saa nzima kumaliza bakuli moja la uji. Uniti ni mtu wa kupokezana naye.

Kwa hiyo, ukiona mkono unakuwa mwepesi, mlaze mtoto ubavu, chini kwenye mkeka, mahali ambapo hatadondoka, hatagusa moto, na hakuna cha kumziba pumzi. Toka hadi mlangoni. Vuta pumzi, nawa uso, mpigie mtu simu hata kama ni usiku. Kulia dakika tano akiwa amelazwa salama hakutamuua. Kutikiswa kwa hasira kunaweza kumuua. Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito kuliko nguvu ya shingo yake. Akitikiswa, ubongo unagonga ndani ya fuvu na mishipa ya damu inachanika. Mwenye shingo dhaifu ndiyo kabisa. Kumwacha ukatoka mlangoni ni kwa kilio tu. Akipata degedege usiondoke: mgeuze ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, na ikipita dakika tano haijaisha, ni hospitali.

Ukirudi kutoka mlangoni, sasa unaweza kufikiri. Je, choo kimekuwa kigumu? Chakula kinapanda kifuani akilala chali? Sikio? Misuli imekakamaa upande mmoja? Mtoto asiyeweza kusema "jino linaniuma" atalia, na atalia mpaka mtu amkague jino. Mara nyingi tunapigana na kilio ambacho kina sababu ya kutibika.

Nina hadithi ya baba. Yumo humu, kwenye lile benchi la nyuma, simtaji asije akakimbia. Ni mvuvi wa dagaa, Kibirizi. Kwa miaka, alikuwa anarudi alfajiri kutoka ziwani, anamkuta mkewe amenuna, naye anauliza swali ambalo akina baba wote wa dunia wameliuliza: "Kwani umechoka na nini, si umeshinda nyumbani?" Halafu ukaja mwaka 2024. Mnakumbuka Ziwa Tanganyika lilivyofungwa, uvuvi ukasimama, katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, nchi zote nne zinazopakana nalo. Nyavu zikakunjwa. Baba akabaki nyumbani, na mke, kwa akili sana, akaanza biashara ya mawese inayomtoa asubuhi. Siku za kwanza baba alidhani uji hauingii kwa sababu mtoto ni mkaidi. Baadaye akagundua kwamba kumeza kwenyewe ni kazi kwa mtoto, kila kijiko ni kazi. Siku moja mkewe aliporudi alimkuta ameketi, shati lote uji, machozi yanamtoka. Hakuuliza tena amechoka na nini.

Ziwa lilipofunguliwa walikubaliana jambo ambalo nalipenda mno. Dagaa wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi, wavuvi wanakaa nchi kavu. Basi usiku wa mbalamwezi mtoto ni wa baba. Mama analala chumba kingine, mlango umefungwa. Baba ananiambia siku za mwanzo mama alikuwa anaamka, anachungulia kama mtoto ameshikwa vizuri. Mama mwenzangu, lala! Akimshika vibaya atajifunza, kama wewe ulivyojifunza.

Najua kuna mama hapa ambaye hadithi hii inamchoma, kwa sababu baba wa mtoto aliondoka siku ile ile jina la ugonjwa lilipotajwa. Sitakwambia umsamehe. Hayo ni yako na moyo wako. Nitakwambia tu habari ya akina mama wawili wa Katubuka, wote hawana waume ndani, wanaobadilishana Jumamosi. Leo watoto wote kwako, Jumamosi ijayo wote kwangu. Watoto wawili ni kazi, hawakatai. Lakini Jumamosi yenye watoto wawili inanunua Jumamosi isiyo na mtoto, na mmoja wao aliniambia Jumamosi yake ya kwanza alienda sokoni polepole. Hakununua kitu. Alitembea tu polepole.

Kujilaumu na kulaumiwa. Haya yanakaa pamoja, mara nyingi kwenye nyumba ya wakwe. Mimi shangazi wa mume wangu alinihesabia makosa yote ya wakati wa ujauzito: nilichokula, niliyegombana naye, safari niliyosafiri, mpaka nikaanza kumsaidia kuhesabu. Wengine mmeambiwa ni mkosi. Wengine ni uchawi, na mbuzi wameuzwa kwa ajili hiyo. Wengine mmeambiwa mtoto si wa mumeo.

Msidhani ni ushamba wa kwetu. Huko Marekani, katikati ya karne iliyopita, walikuwapo wasomi wenye vyeti ukutani waliosema usonji wa mtoto unasababishwa na mama asiye na upendo, mama baridi kama jokofu, hilo ndilo jina walilolitumia. Wanawake waliokuwa hawalali usiku wakiwabembeleza watoto wao waliambiwa na madaktari kwamba wao ndio ugonjwa wenyewe. Aliyesaidia sana kuivunja hadithi hiyo alikuwa mwanasaikolojia Bernard Rimland, mwaka 1964, akionyesha kwamba chanzo kiko kwenye maumbile ya ubongo na si kwenye malezi. Na Rimland huyo alikuwa baba. Mwanawe mwenyewe alikuwa na usonji, na alimwona mke wake kila siku. Alijua wanasema uongo.

Mtindio wa ubongo una sababu zinazojulikana: mtoto kuzaliwa njiti, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano makali yasiyotibiwa mapema, malaria kali inayopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo. Mtoto mwenye hali ya Down amezaliwa na kromosomu ya 21, moja ya nyuzi zinazobeba urithi mwilini, ikiwa nakala tatu badala ya mbili. Hilo hutokea tangu mimba inapoanza kutungwa, kabla hujajua kama una mimba. Hakuna chembe ya ugomvi wako na wifi humo ndani.

Na wapo ambao kosa lilikuwepo kweli, si lao, ni la huduma kuwa mbali. Mnaotoka vijiji vya kusini, kandokando ya ziwa, ambako kufika hospitali ni boti, na uchungu umeanza usiku, na upepo umechafuka, mnajua ninachosema. Hasira hiyo ni ya haki, siwezi kukuomba uizime. Ipeleke kwenye mkutano wa kijiji, kwa diwani, isimame huko na iseme. Usiiache nyumbani ikageuka kuwa kinyongo kwa mtoto.

Nimewaza sana kwa nini tunang'ang'ania kujilaumu hata tukishaelezwa. Nadhani ni kwa sababu kujilaumu kunatoa jibu. "Ni mimi" ni jibu baya, lakini ni jibu, na usiku ni rahisi kulala na jibu baya kuliko kulala na "haijulikani". Ukijikuta unarudi hapo, jiulize unatafuta nini.

Kuhusu aibu sitasema mengi. Dereva wa bodaboda atapita kama hakukuona. Kwenye haisi mtu atahama kiti. Kuna wenzetu wanaomfunika mtoto kanga usoni toka nyumbani hadi hospitali ya Maweni, kwenye jua hili. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni sentensi moja uliyoiandaa nyumbani, maana barabarani huwezi kutunga. Mama mmoja wa hapa Mwanga akitazamwa sana anasema kwa sauti ya kawaida: "Ana miaka saba, ana mtindio wa ubongo, na anapenda taarabu kuliko mimi." Watu wanacheka, wanauliza taarabu gani, na safari inaendelea. Sentensi yako iwe fupi, na mwishoni iwe na kitu mtoto anachokipenda.

Mashekhe na wachungaji, ombi. Mkija kututembelea, aya tunazihitaji. Lakini "Mungu hampi mja mzigo asiouweza" ikisemwa mlangoni na msemaji akaondoka, inakuwa kama amefunga mazungumzo. Njooni na aya na kilo ya sukari. Kaeni. Mshikeni mtoto.

Sasa lile la saa tisa usiku. Nitalisema mimi ili wewe usilazimike kulisema. "Bora Mungu amchukue." Au "bora atuchukue wote." Mama mmoja alininong'oneza hivyo akitetemeka, akidhani nitamkimbia. Sikumkimbia, kwa sababu nimelisikia kwa wengi, na karibu wote nyuma ya maneno hayo kulikuwa na swali lingine: nikifa mimi, nani atamlea huyu? Wazo likipita na kuondoka, ni uchovu na hofu vinasema. Lakini likikaa siku nyingi, likiambatana na kukosa usingizi hata mtoto akilala, kukosa hamu ya kula, kutotaka kuona watu, au ukaanza kufikiria utafanyaje, hiyo si ya kuvumilia wala ya kuombewa tu. Siku hiyo hiyo mkabidhi mtu mtoto, nenda kituo cha afya na useme maneno yale yale uliyoyafikiria, yasipunguzwe. Sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, ni ugonjwa, una matibabu. Na ukiona mtoto yuko hatarini, kwako au kwa jirani, namba 116 ni simu ya bure ya msaada kwa watoto.

Kwa swali lenyewe, la nani atamlea, mimi siwezi kukudanganya kwamba serikali au kikundi kitakuondolea hofu yote. Ipo Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na afisa ustawi yuko hapa atawaeleza haki zilizomo. Ninachotaka mfanye ninyi ni daftari. Andika anavyokula: uji uzito gani, kijiko gani, upande gani wa mdomo. Andika dawa, kiasi, saa, na kwamba dawa ya kifafa haikatizwi ghafla. Andika anavyolala, kinachomtisha, kinachomchekesha, mlio anaoutoa akiwa na kiu. Weka humo cheti cha kuzaliwa na karatasi za hospitali. Kisha chagua watu wawili, si mmoja, wamlishe kwa daftari hilo huku wewe umekaa pembeni umenyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu, mtaona.

Wenye watoto wengine wakubwa, msimwandike dada mtu kwenye daftari hilo kabla hamjamuuliza. Naye ana wivu wake na hasira zake, na amekuwa akizificha ili asikuongezee.

Madaftari yapo mezani kwa katibu, kalamu mtaazimana. Afisa ustawi atakaa chini ya mwembe mpaka saa nane, aanze na waliotoka Mwandiga na Bitale maana haisi za jioni zinajaa. Wanaotaka kuungana na mwenzao kwa ajili ya Jumamosi za kubadilishana waandike mtaa wao na namba ya simu kwenye ukurasa wa nyuma wa mahudhurio. Asanteni kwa kunisikiliza.